Mlezi wa Mtoto wa Mfalme

Mwenye Biblia na aifungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 11. Asiye nayo karibu na asikilize tu, maana habari yenyewe ni rahisi kushika.

Malkia Athalia aliinuka akaangamiza uzao wote wa kifalme katika Yuda. Lakini mtoto mmoja, Yoashi, aliponyoka. Shangazi yake Yehosheba alimwiba pamoja na yaya wake, akamficha. Kwa miaka sita mtoto yule alifichwa nyumbani mwa Bwana, na mlinzi wake mkuu alikuwa mume wa shangazi yake, yaani kuhani Yehoyada. Mwaka wa saba Yehoyada akawaita maakida, akawagawia zamu, akamtoa mtoto na kumvika taji mbele ya watu. Mfalme wa miaka saba!

Watoto wetu wa shule ya Jumapili wanaijua sana habari hii, na kila mara humwuliza mwalimu juu ya mtoto. Mimi leo nataka tumtazame yule mzee. Yehoyada alikuwa na askari mkononi, alikuwa na hekalu, na mfalme mwenyewe alikuwa hajui kufunga kamba za viatu. Ni nini kilichomzuia kula ufalme ule polepole, kama mtu anayekula akiba ya yatima, huku akisema, "Namtunzia mtoto"?

Ndugu zangu, jambo hili si la Yerusalemu tu. Limepata kutokea hapa petu Afrika Mashariki, tena mikononi mwa Mkristo wa Kiprotestanti aliyejulikana sana, na mtu huyo siku zake ziliishia papa hapa Nairobi. Jina lake Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda. Katikiro ni kama kusema waziri mkuu wa Kabaka, na Kabaka ndiye mfalme.

Apolo alizaliwa yapata mwaka 1865, wa ukoo wa Nsenene, yaani panzi. Hakuwa mwana wa mfalme. Alipelekwa kutumika ikulu kama walivyopelekwa vijana wengi wa Buganda, siku za Mutesa wa Kwanza, na baadaye za mwanawe Mwanga, aliyeshika ufalme mwaka 1884. Huko ndiko vijana walikojifunza kusoma kwa wamisionari, na katika lugha ya Buganda msomaji na Mkristo vikawa karibu neno moja. Mwanga aliona kwamba wasomaji hawa wamepata Bwana mwingine. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliuawa huko Busoga kwa amri yake. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wengi walichomwa moto pale Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja. Apolo naye alikuwa miongoni mwa walioshikwa na ghadhabu ya mfalme. Mwanga alimpiga kwa mkono wake mwenyewe, akampiga vibaya, kisha akamwacha hai.

Likumbukeni pigo hilo, tutalihitaji mbele.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita, nami sitaieleza yote. Mwaka 1888 Mwanga alifukuzwa katika kiti chake; Wakristo nao wakafukuzwa baada ya muda mfupi, wakakimbilia mpakani mwa Ankole. Ajabu ni kwamba walipopata nguvu za kurudi, walirudi wakipigana kwa ajili ya Mwanga yule yule aliyewachoma ndugu zao, nao wakamrudisha kitini. Apolo ndiye aliyetokea kuwa mkubwa wao, akawa Katikiro akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano hivi. Mtu aliyepigwa akawa mkono wa kuume wa aliyempiga.

Msidhani nawaletea malaika. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana wao kwa wao juu ya vilima vya Mengo, na Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki za mzinga. Apolo alikuwa kiongozi wa upande wa Waprotestanti. Watu waliofungwa kamba moja mwaka 1886 walilengana mitutu baada ya miaka sita. Sisi tulio wa makanisa haya ya Kiprotestanti twapenda kuhesabu mashahidi wa Namugongo, lakini habari za Mengo huwa tunazipita upesi. Mimi naona si haki kuzipita.

Sasa tufike mwaka 1897. Mwezi wa Julai Mwanga alitoroka ikulu akaenda Buddu kuinua vita dhidi ya Waingereza. Alishindwa. Kiti kikabaki kitupu, na mwana aliyepatikana wa kukikalia alikuwa Daudi Chwa, aliyezaliwa Agosti 1896. Tarehe 14 Agosti 1897 akatangazwa Kabaka, umri wake mwaka mmoja na siku chache. Yoashi alipovikwa taji alikuwa na miaka saba, angeweza angalau kusimama penye nguzo kama Maandiko yanavyosema. Chwa alikuwa ndiyo kwanza ajifunze kusimama.

Basi wakawekwa walezi watatu wa kuushika ufalme hata mtoto akue: Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri kwa upande wa Waprotestanti, na Stanislaus Mugwanya kwa upande wa Wakatoliki. Na Apolo ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

Hapo ndipo penye fundisho la kwanza. Baba yake mtoto ndiye aliyempiga Apolo. Baba huyo alikuwa bado hai, bado yumo porini anapigana. Hakukamatwa hata Aprili 1899, ndipo akapelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli, akabatizwa huko kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903. Kwa miaka yote hiyo, aliyekuwa na ulinzi wa mwana wa Mwanga ni yule aliyebeba mwilini alama za hasira ya Mwanga. Wangapi wetu tungeweza? Mtu akikosana na ndugu yake juu ya kiwanja, husema hata kizazi cha tatu mtoto wa yule asikanyage mlango wangu. Daudi alimtafuta Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli, akamketisha mezani pake, nasi twashangaa tukisoma. Apolo alimketisha mwana wa Mwanga kitini, akapiga magoti mbele yake, maana ndiyo desturi ya Buganda: mkubwa hupiga magoti mbele ya Kabaka hata akiwa mtoto.

Labda mtu atasema, hakuwa na la kufanya, maana kwa desturi ya Buganda asiye wa damu ya kifalme hawezi kuwa Kabaka. Ni kweli. Apolo asingeweza kujivika taji hata angetaka. Lakini mwenye kutunza mali ya mtoto hana haja ya taji. Aweza kuacha taji kichwani pa mtoto, akachukua vingine vyote.

Mtume Paulo alilijua jambo hili vizuri. Katika Wagalatia sura ya 4, mistari miwili ya kwanza, anasema kwamba mrithi awapo mtoto hana tofauti na mtumwa, ingawa ni bwana wa yote. Yu chini ya mawakili na watunzaji mpaka siku aliyoiweka babaye. Angalieni hayo maneno mawili ya siri: ni bwana wa yote, naye ni kama mtumwa. Mali ni yake, lakini funguo si zake. Kati ya mali na funguo ndipo anaposimama mlezi, na hapo pana giza la kutosha kuficha mengi.

Katika mtaa wetu wa Komarock, nyumba nyingi zilinunuliwa na watu wa mshahara kwa mkopo wa miaka mingi. Wengine waliumaliza mkopo wakastarehe. Wengine Bwana aliwaita mapema, baba kisha mama, wakaacha watoto wa shule. Nyumba ikashikwa na ami au mjomba, akawachukua watoto kwake, nyumba akaipangisha. Nimeketi zaidi ya mara moja na jamaa za namna hii wakati kijana ametimiza miaka kumi na minane, amepata kitambulisho, naye anauliza swali moja tu: kodi ya nyumba ya baba ilikwenda wapi? Na jibu nililolisikia ni lile lile kila mara, hata maneno yake ni yale yale. "Nimekulisha, nimekuvisha, nimekusomesha. Wataka nini tena?"

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni gumu. Mjomba alilisha kweli. Alilipa karo kweli. Kosa lake ni kwamba hakuandika. Hakuna daftari, hakuna risiti, hakuna mtu wa pili aliyejua. Sheria ya Urithi ya Kenya yenyewe inataka mali ambayo ndani yake mna haki za watoto wadogo isikabidhiwe mtu mmoja peke yake, isipokuwa ni Mdhamini wa Serikali au shirika la udhamini. Na wale wa Buganda mwaka 1897 waliweka watatu, tena wa makanisa mawili yaliyokuwa yamepigana juzi juzi. Mugwanya asingemfichia Kagwa, wala Kagwa asingemfichia Mugwanya! Jamaa zetu wengi huona kumtafuta shahidi ni kumdharau mjomba.

Basi walezi hawa watatu walitendaje? Hapa sharti tuseme yote mawili.

Tarehe 10 Machi 1900 walitia sahihi Mapatano ya Buganda pamoja na Sir Harry Johnston, kwa niaba ya mtoto wa miaka mitatu. Mapatano yale yaligawa ardhi ya nchi kwa maili za mraba, na toka hapo ikaitwa ardhi ya mailo. Kabaka alipata maili 350. Kila mlezi alipata maili 16 ziwe zake mwenyewe, na 16 nyingine za kazi yake. Maili 8,000 wakagawiwa wakubwa na wenye ardhi wapatao elfu moja. Na nani aliyekaa kuandika orodha ya hao elfu? Ni Lukiko, baraza la wakubwa wenyewe. Wakopi, yaani watu wa kawaida, waliamka wakajikuta wapangaji katika mashamba yaliyolimwa na babu zao. Wazee wa koo, wanaoitwa bataka, wakaona makaburi ya mababu yao yameingia ndani ya mipaka ya mtu mwingine.

Kwa kweli mtoto hakuibiwa kiti chake, wala Buganda haikufutwa kama falme nyingine zilivyofutwa siku zile. Mwenye kusoma mapatano yale ataona kwamba Apolo na wenzake walibishana na Mwingereza kwa akili nyingi, na jina la Kabaka likabaki na heshima yake. Lakini mikono iliyotunza ya mtoto ilijitunza nayo. Nikipima maisha ya mzee huyu, hapa ndipo mizani inapoanza kuinama upande.

Mwaka 1902 Apolo alialikwa Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwisho wa mwaka uliotangulia; akavuka ziwa, akapanda gari la moshi, akapita katika Nairobi hii ilipokuwa bado mji wa mabati, akaenda Mombasa na kupanda meli. Mwandishi wake Ham Mukasa alifuatana naye, akaandika kitabu cha safari ile. Walipofika London mfalme akaugua, akapasuliwa, na sherehe ikasogezwa hata Agosti. Apolo akangoja. Alikuwa amezoea kungojea wafalme.

Safari hiyo inanikumbusha mtu mwingine, wa mbali sana na kwetu, aliyekwenda London vile vile kumhudumia mfalme. Katikati ya bahari ya Pasifiki viko visiwa vya Hawaii, ambavyo leo ni jimbo la Marekani, lakini zamani vilikuwa ufalme. Mwaka 1823 mfalme wao, Kamehameha wa Pili, alisafiri kwenda Uingereza pamoja na malkia wake, na mmoja wa wakubwa waliofuatana naye aliitwa Kekūanaōʻa. Mwaka 1824 mfalme na malkia waliugua surua huko London, wakafa wote wawili, na wafuasi wao wakarudi kwao na majeneza. Baadaye Kekūanaōʻa alioa binti wa ukoo wa kifalme aliyeitwa Kīnaʻu, akapokea Ukristo uliohubiriwa na wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani, akaitwa Mataio, ndiye Matayo wetu. Akawa liwali wa kisiwa cha Oahu kwa miaka mingi.

Watoto walipata haki ya ufalme kwa damu ya mama yao. Mwana mmoja, Alexander Liholiho, alichukuliwa na mjomba wake, Mfalme Kamehameha wa Tatu, akalelewa kama mwanawe. Akatawala kwa jina la Kamehameha wa Nne hata alipokufa mwaka 1863. Ndugu yake Lot akamfuata, akawa Kamehameha wa Tano. Baba yao hakuwa mfalme kamwe. Aliendelea kutumika chini ya wanawe mwenyewe, akafa mwaka 1868 akiwa amemzika mmoja na kumwacha mwingine kitini, naye akalazwa katika makaburi ya wafalme pamoja na wanawe.

Yaliyompata Mataio yalikuwa kinyume cha yaliyompata Apolo. Yeye alizaa mwana, akalelewa na mwingine. Apolo alilea mwana aliyezaliwa na mwingine. Lakini wote wawili walikutana na jambo moja gumu, nalo ni kumwita bwana mtu uliyemwona akitambaa. Wazazi wenye watoto wakubwa mnanielewa. Mtoto akirudi na shahada na mshahara, mzee hujitahidi sana asimkumbushe kila mara alivyokuwa akilowesha kitanda.

Tumrudie Chwa. Alifundishwa vizuri, aliwekewa mwalimu wa Kiingereza, na Apolo mwenyewe alikuwa amekusanya habari za wafalme wote wa Buganda kutoka kwa wazee akazipiga chapa mwaka 1901, hata mtoto akakuta historia ya nyumba yake imeandikwa kwa lugha yake. Hiyo nayo ni kazi ya mlezi. Ni yatima wangapi kwetu wanaopewa karo lakini hawaambiwi baba yao alikuwa mtu wa namna gani?

Agosti 1914 Chwa alitimiza miaka kumi na minane. Walezi wakaondoka katika ulezi, naye akashika ufalme wake. Ilikuwa miaka kumi na saba kamili tangu siku ile ya 1897. Hakuna damu iliyomwagika, hakuna mlezi aliyesema mtoto hajakomaa. Kwa hili nampa Apolo heshima yake bila kupunguza. Hata siku zetu tumeona mfano: huko Toro, Oyo alitawazwa mwaka 1995 akiwa na miaka mitatu, akawekewa walezi, akashika madaraka yake mwaka 2010. Jambo la kukabidhi linawezekana, jamani. Wako waliolifanya.

Lakini Apolo alipoacha ulezi hakuacha ukatikiro. Alibaki pale pale mlangoni pa mfalme, mwenye nguvu, mwenye mali, mwenye cheo cha Sir alichopewa na Waingereza mwaka 1905, amezoea kuamua. Mfalme kijana akawa na Katikiro aliyekuwa akimtawala tangu utoto. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 bataka walimwendea Kabaka na kilio chao cha miaka ishirini: ardhi ya koo zetu iligawanywa na wakubwa wako ulipokuwa mtoto, turudishie. Na Chwa akawasikiliza. Hebu waza mzee Apolo siku hiyo. Mtoto aliyemlea ameketi akisikiliza hesabu ya miaka ya ulezi, na waliodai hesabu hiyo ni watu ambao kwa miaka ishirini hakuna aliyewauliza neno. Lukiko lilisimama na Apolo. Shauri likafika kwa Waingereza, nao mwaka 1926 wakakataa kugawa upya ardhi, bali mwaka 1928 ikatungwa sheria ya kumlinda mpangaji asitozwe ovyo wala kufukuzwa. Hiyo ilikuja Apolo akiwa amekwisha kuondoka duniani.

Maana mwaka ule ule wa 1926 alikosana na ofisa wa Kiingereza juu ya vibali vya pombe, ofisa akiwaandikia wakubwa wa chini moja kwa moja kana kwamba Katikiro hayupo. Jambo dogo kwa macho ya watu, lakini kwa mzee aliyeongoza miaka thelathini na zaidi lilikuwa kama kupigwa kofi sokoni. Waingereza hawakumtetea. Akajiuzulu. Februari 1927 akafa, si Mengo kwao, bali hapa Nairobi, katika mji wa watu wengine.

Sasa linganisheni na Yehoyada. Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 24, kinasema alikufa mzee sana, akazikwa pamoja na wafalme katika mji wa Daudi, ingawa hakuwa mfalme, kwa sababu alikuwa ametenda mema katika Israeli. Lakini someni mistari inayofuata, maana wahubiri wengi huishia hapo kwenye kaburi. Yehoyada alipokwisha kuzikwa, wakubwa wa Yuda walimjia Yoashi wakamsujudia, naye akawasikiliza, akaiacha nyumba ya Bwana. Na Zekaria mwana wa Yehoyada alipomkemea, Yoashi aliamuru apigwe mawe. Akamwua mtoto wa mtu aliyemponya yeye na upanga!

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukimlea mtoto wa ndugu yako kwa uaminifu, lazima atakushukuru. Huenda asikushukuru. Yehoyada alilea vizuri, mwanawe akauawa na huyo huyo aliyelelewa. Apolo alilea kwa mikono iliyochanganyika mema na tamaa, na mtoto wake hakumwua mtu. Alisikiliza tu kilio cha walionyang'anywa. Mimi nikiulizwa ni yupi kati ya Yoashi na Chwa aliyewaheshimu zaidi walezi wake, nitajibu ni Chwa, hata siku ile alipoketi akawasikiliza bataka. Kijana anayeuliza habari za kodi ya nyumba ya baba yake hajakosa adabu. Anafanya kazi ya mrithi, na siku iliyowekwa na babaye imefika.

Na wewe mama, wewe baba, uliyebaki na watoto wasio wako, ambaye usiku unahesabu unga na karo na hakuna anayejua: daftari la shilingi mia linunuliwe leo. Andika kodi iliyoingia. Andika karo iliyotoka, na sare, na dawa. Mwite mzee wa kanisa au shemeji yako aweke sahihi kila baada ya miezi mitatu. Kama umekwisha kula kitu, andika na hicho, maana kiasi kinachojulikana chaweza kulipwa. Usingoje kijana apate kitambulisho.

Juma lijalo, Mungu akitujalia uzima, tutasoma Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 12, pale mzee Samweli mwenye mvi anaposimama mbele ya watu wote na kuwauliza ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa. Isomeni nyumbani kabla, pamoja na watoto. Kwaherini, na Bwana awalinde katika safari ya kazini.